Kura Nyingi, Viti Vichache: Uhakiki wa Mfumo wa Uchaguzi Tulioachiwa na Mwingereza

Namna ya kuhesabu kura si jambo la hesabu tupu. Ni jambo la siasa, na kama yalivyo mambo yote ya siasa, lina wanaofaidika nalo na wanaoumizwa nalo. Kada anayewafundisha wananchi kwamba uchaguzi ni kwenda kituoni, kutumbukiza karatasi na kungoja matokeo, amewafundisha nusu ya somo. Nusu iliyobaki, na ndiyo nzito zaidi, ni hii: kura zikishatoka sandukuni zinageuzwaje kuwa viti? Nani aliyetunga kanuni ya kuzigeuza? Na kanuni hiyo inamtumikia nani?

Suala hili limezuka upya huko Uingereza, nchi iliyoturithisha utaratibu wa jimbo moja, mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Katika uchaguzi wa Julai 2024, Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na kikapewa viti 411 kati ya 650. Yaani theluthi moja ya wapiga kura ilizaa karibu theluthi mbili za Bunge. Reform UK, chama cha mrengo wa kulia, kilipata asilimia 14.3 kikaambulia viti 5. Liberal Democrats, waliopata kura chache zaidi ya hao, asilimia 12.2, walipata viti 72. Aliyezidi kwa kura amezidiwa kwa viti mara kumi na nne. Wengi wa wale waliokuwa wakituhubiria demokrasia sasa wanaulizana wao kwa wao kama huo ni uwakilishi au ni bahati nasibu.

Msomaji wa Mpanda, Inyonga au Karema anaweza kuuliza: mambo ya London yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo unaojadiliwa kule ndio huu huu unaotumika kumpata mbunge wake. Pili, historia ya nchi yetu ina ushahidi mzito juu ya mfumo huo kuliko ushahidi wote wa Waingereza, na ushahidi huo umeandikwa kwa damu. Makala haya yanakusudia kuuchambua mfumo wenyewe, kueleza kwa nini Mwingereza hauachi, na kuuliza Chama chetu kina wajibu gani mbele ya suala la uwakilishi wa uwiano, yaani utaratibu wa kila chama kupata viti kwa kadiri ya kura zake.

Hoja za watetezi

Watetezi wa mfumo wa Kiingereza wana hoja tatu kubwa. Hoja ya kwanza ni kwamba unaleta serikali imara. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani, lakini matukio yameidhoofisha. Mwaka 1974 Waingereza walilazimika kufanya uchaguzi mara mbili, Februari na Oktoba. Mwaka 2022 peke yake nchi hiyo ilikuwa na Mawaziri Wakuu watatu, wote kutoka chama kimoja chenye wabunge wengi. Kumbe uimara hautokani na wingi wa viti. Unatokana na umoja wa malengo ndani ya chama na imani ya wananchi nje yake. Wingi wa viti usio na wingi wa kura ni nyumba ndefu yenye msingi mfupi.

Hoja ya pili ni kwamba kila mwananchi ana mbunge wake anayemjua. Hoja hii ina ukweli, nasi tutairudia. Lakini tukumbuke upande wake wa pili. Katika uchaguzi wa 1983, muungano wa Liberal na Social Democrats ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23, wakati Labour ilipata asilimia 27.6 na viti 209. Sababu ni kwamba kura za muungano zilitawanyika nchi nzima, na za Labour zilirundikana katika miji ya viwanda. Mfumo huu hauhesabu watu wangapi wanakuunga mkono. Unauliza wanaishi wapi.

Hoja ya tatu ni kwamba mfumo ni rahisi kueleweka. Ni kweli, lakini urahisi wa kitu si haki yake. Kodi ya kichwa nayo ilikuwa rahisi sana kueleweka.

Nyuma ya hoja hizi tatu yako maslahi. Mfumo huu hujenga vyama viwili vikubwa vinavyopokezana dola, na kila kimoja huvumilia hasara ya leo kwa sababu kinajua zamu yake inakuja. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative, kama milioni 13.9 dhidi ya milioni 13.7, lakini Conservative wakapata viti 321 dhidi ya 295 na kuunda serikali. Februari 1974 ikawa kinyume chake: Conservative waliongoza kwa kura, Labour wakaongoza kwa viti. Hakuna aliyelia sana, maana aliyedhulumiwa jana alitarajia kudhulumu kesho. Anayebaki nje ya mapatano hayo ni mwananchi ambaye hayumo katika kambi yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa nini Mwingereza habadiliki

Matumaini ya mabadiliko yamekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1917 mkutano wa vyama chini ya Spika ulipendekeza uwiano katika miji mikubwa, Bunge likaukataa. Mwaka 1931 muswada wa kumwezesha mpiga kura kupanga wagombea kwa nafasi ulikwama katika Baraza la Malodi, na serikali iliyouleta ikaanguka. Mwaka 1997 Labour iliahidi kuwauliza wananchi. Ikapata viti 418 kwa asilimia 43 ya kura, ikaunda tume chini ya Roy Jenkins, tume ikaleta mapendekezo yake mwaka 1998, na mapendekezo yakawekwa kabatini. Mei 2011 wananchi waliulizwa, lakini waliulizwa juu ya kupanga wagombea kwa nafasi tu, utaratibu ambao wenyewe si wa uwiano. Asilimia 67.9 ya waliopiga kura walisema hapana. Desemba 2024 muswada wa mbunge mmoja wa Liberal Democrats wa kuleta uwiano ulipata kura 138 dhidi ya 136, lakini Serikali haikuuunga mkono na haukufika mbali.

Funzo ni wazi. Anayeweza kubadili kanuni ni yule aliyeshinda kwa kanuni hiyo. Chama kikiwa kidogo hudai haki, kikikua husahau. Ndani ya Labour wamo tangu mwanzo waliodai uwiano, na mkutano mkuu wa chama hicho mwaka 2022 ulipitisha azimio la kuutaka. Miaka miwili baadaye chama kikashinda kwa kishindo kilicholetwa na mfumo wa zamani, na azimio likapoa.

Hata hivyo dola hiyo hiyo imekubali uwiano mahali pengine. Ireland ya Kaskazini iliupata mwaka 1973, pale ilipobainika kwamba mfumo wa wingi tu ungeliacha kundi moja litawale jingine milele. Bunge la Scotland na lile la Wales yalipoanzishwa mwaka 1999 yalichanganya majimbo na orodha za vyama, na sheria ya mwaka 2024 ikaamua Wales iende kwenye orodha kuanzia uchaguzi wa 2026. New Zealand, iliyoiga kila kitu cha Uingereza, ilibadili mfumo kwa kura ya maoni ya wananchi mwaka 1993, baada ya chaguzi mbili mfululizo, 1978 na 1981, ambazo chama kilichoongoza kwa kura kilishindwa kwa viti. Basi kinacholeta mabadiliko si uzuri wa hoja. Ni hofu ya kupasuka kwa nchi, au wananchi kukataa kuendelea kuonewa.

Urithi wetu: kura tatu na uchaguzi wa 1963

Tanganyika ilionja hila za hesabu mapema. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni aliweka kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya wakazi, lakini walipewa theluthi moja ya viti hivyo vya kuchaguliwa. Haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Mkulima wa Mpanda, wakati huo ikiwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, alikuwa nje kabisa. Aliyechimba risasi katika mgodi wa Mpanda, mgodi uliojengewa reli ya kutoka Kaliua, alizalisha mali ya kusafirishwa ng'ambo lakini hakuhesabiwa kuwa na akili ya kuchagua.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 na kuamua kuingia katika uchaguzi huo pamoja na uovu wake. Uamuzi huo ulikigharimu chama: Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda ANC. Lakini uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu TANU iliitumia silaha ya adui kumshinda adui. Viongozi wale hawakusema kwamba kanuni ya kura tatu ni nzuri kwa kuwa wameshinda kwayo. Walishinda kwayo, kisha wakaifuta. Makada wa leo washike jambo hilo.

Zanzibar iliumia zaidi. Januari 1961, katika viti 22, ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, mmoja akaenda ASP na wawili ZNP, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Likaongezwa jimbo moja, uchaguzi ukarudiwa Juni, ASP ikapata 10, ZNP 10 na ZPPP 3, na ghasia za siku zile zikaua watu 68. Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1963. ASP ilipata asilimia 54.2 ya kura zote. Ilipewa viti 13 kati ya 31. ZNP kwa chini ya asilimia 30 ilipata 12, na ZPPP kwa asilimia 16 hivi ilipata 6. Wawili hao walioshindwa kwa kura waliungana, wakawa na viti 18, wakakabidhiwa dola ya uhuru tarehe 10 Desemba 1963.

Tufanye hesabu ambayo Mwingereza hakutaka kuifanya. Kwa uwiano, asilimia 54.2 ya viti 31 ni viti 17. ZNP ingepata 9 na ZPPP 5. ASP ingeunda serikali peke yake, kwa karatasi za kura. Badala yake kura za ASP zilirundikana kwa maelfu katika majimbo iliyokwisha kuyashinda, na wapinzani wake wakachukua majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Mipaka ya majimbo ilifanya kazi ambayo wapiga kura waliikataa.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuwa na mizizi mirefu zaidi ya hesabu ya viti: ardhi, ukabaila, ubaguzi na dhuluma ya karne nzima. Lakini mtu mwaminifu hawezi kusema kwamba hesabu ile haikuchangia. Wananchi walio wengi walijaribu njia ya sanduku mara tatu ndani ya miaka mitatu, na mara ya tatu walishinda wakaambiwa wameshindwa. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP, ni mrithi wa wale walioibiwa ushindi kwa kanuni hii. Hapo ndipo penye uzito wa mjadala huu kwetu sisi.

Jibu la chama kimoja

Mwalimu Nyerere aliuhakiki mfumo wa Kiingereza tangu 1963 katika andiko lake juu ya demokrasia na vyama. Hoja yake ilikuwa kwamba vyama viwili vya Uingereza vilitokana na mgawanyiko wa matabaka, na kwamba kuviiga mahali ambapo taifa zima limejijenga ndani ya chama kimoja ni kugeuza siasa kuwa mchezo wa mpira. Uchaguzi wa 1960 ulimpa hoja: TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika majimbo mengi wananchi hawakupiga kura kabisa kwa kuwa mgombea hakuwa na mpinzani. Jibu la 1965 lilikuwa wagombea wawili wa chama kimoja katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walilitumia. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa.

Utaratibu huo ulitatua suala la uwajibikaji wa mbunge. Haukutatua suala la uwakilishi wa mawazo yanayopingana, na wala haukudai kulitatua. Mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Nyalali, nchi ilirudi kwenye vyama vingi ingawa wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Uamuzi huo wenyewe ulikuwa tamko kwamba wachache nao wana haki. Lakini tulipofungua mlango kwa vyama vingi hatukubadili kanuni ya kugeuza kura kuwa viti. Tulichukua vyama vipya tukavitia katika chombo cha zamani cha Mwingereza.

Uwiano umekwisha kuingia

Wako wanaosema uwiano ni mambo ya kigeni. Hawajaisoma Katiba ya nchi yao. Viti maalum vya wanawake, ambavyo mabadiliko ya mwaka 2000 yaliviweka katika asilimia 20 na yale ya 2005 yakavipandisha kuwa si chini ya asilimia 30, hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge za nchi nzima, kwa vyama vilivyofikia asilimia 5.

Tazama mwaka 2015. CCM ilipata asilimia 55 hivi ya kura za ubunge, na zaidi ya asilimia 70 ya majimbo. Katika viti maalum 113, kwa kura zile zile, CCM ilipata 66, CHADEMA 37 na CUF 10. Hiyo ya pili ndiyo sura iliyo karibu zaidi na nchi ilivyopiga kura. Ni kweli kwamba vyama vya UKAWA vilikuwa vimegawana majimbo, na jambo hilo huvuruga ulinganisho wa chama na chama, lakini halibadili tofauti ya jumla.

Tazama tena 2020. CHADEMA ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, huko kwa majirani zetu wa Rukwa. Lakini hesabu ya uwiano iliipa viti maalum 19. Kitu kile kile, kura zile zile: kwa kanuni moja ni kiti kimoja, kwa kanuni nyingine ni kumi na tisa. Ubora wa uchaguzi ule ulibishaniwa sana, na uwiano hauponyi uchaguzi wenye kasoro. Unaonyesha tu kwamba nyuma ya ramani ya rangi moja walikuwapo watu waliopiga kura tofauti.

Zanzibar nayo ilitambua ukweli huu kwa njia yake. Baada ya chaguzi zilizoigawa nchi, Unguja huku na Pemba kule, wananchi waliulizwa tarehe 31 Julai 2010 na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Msingi wake ni kwamba aliyepata karibu nusu ya kura hawezi kuambiwa hana kitu.

Somo la Mpanda

Mara nyingi makada wetu hudhani kwamba mfumo wa wingi tu ni mali ya CCM na uwiano ni madai ya upinzani. Historia ya Mpanda inakanusha. Mwaka 2005 jimbo la Mpanda Kati lilichukuliwa na CHADEMA, Said Arfi akawa mbunge. Mwaka 2010 akachaguliwa tena, jimbo likiwa Mpanda Mjini. Katika wilaya ile ile ya zamani, mbunge wa Mpanda Mashariki alikuwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015.

Kwa hiyo kwa miaka kumi mwanachama wa CCM wa Kashaulili alipiga kura ambayo haikuzaa kiti, na mwanachama wa CHADEMA wa upande wa Pinda alipiga kura ambayo haikuzaa kiti. Wote wawili walijiandikisha, wakasimama foleni juani, wakachovya kidole. Mfumo uliwafuta wote wawili kwa kalamu moja. Mwaka 2015, mkoa wa Katavi, uliozaliwa 2012, ulitoa wabunge watano wa CCM kutoka Mpanda Mjini, Mpanda Vijijini, Nsimbo, Katavi na Kavuu. Anayeitazama orodha hiyo peke yake angedhani Katavi ina wazo moja. Miaka mitano nyuma haikuwa hivyo, na watu ni wale wale.

Kuna jambo jingine la Katavi. Katumba na Mishamo wanaishi wananchi waliotoka Burundi kuanzia miaka ya 1970, na wengi wao walipata hati za uraia mwaka 2014. Raia mpya anajifunza uraia kwa kutazama kura yake imefanya nini. Akiona imefanya kitu, hata kidogo, ataipiga tena. Akiona imemwagwa, atajifunza njia nyingine.

Hatari za uwiano

Uhakiki usiogeuka kuangalia upande wake wenyewe ni propaganda. Uwiano una hatari zake, na tatu zinatuhusu.

Ya kwanza ni nguvu ya mtengeneza orodha. Katika jimbo, mbunge mzembe huogopa wananchi. Katika orodha, mbunge humwogopa aliyempanga nafasi ya juu. Viti maalum vimetuonyesha. Mwaka 2020 wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa, chama chao kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama, mgogoro ukafika mahakamani, nao wakaendelea kukaa Bungeni. Kiti kilikuwa cha nani? Cha chama, cha mbunge, au cha mpiga kura? Ndani ya CCM wagombea hao hupigiwa kura katika mikutano ya UWT ya mikoa, lakini wapiga kura hao ni wajumbe wachache, na wachache ni rahisi kununuliwa kuliko wengi. Rushwa ikihamia kwenye orodha, tutakuwa tumebadili mlango na kumwacha mwizi ndani.

Ya pili ni vyama vya kabila na dini. Mfumo unaotoa kiti kwa kila asilimia unaweza kumshawishi mwanasiasa mvivu akusanye kabila lake badala ya kukusanya wakulima. Kinga yake ni kiwango cha chini, kama asilimia 5 yetu, na kuhesabu kura kwa taifa zima.

Ya tatu ni kudhani kwamba kanuni itafanya kazi ya siasa. Burundi inatumia orodha na uwiano, tena kwa mgao wa kikabila uliotokana na Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Mgao huo ulisaidia kutuliza nchi iliyokuwa ikichinjana. Lakini katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96 ya kura, na viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Pasipokuwa na uwanja ulio wazi kwa wote, uwiano hugawa kitu kimoja kwa mtu mmoja. Nasi tuna la kujiuliza: uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki na ambao uliambatana na ghasia na vifo, hauwezi kuelezwa kwa kanuni ya kugawa viti peke yake. Kanuni nzuri ni sehemu ya dawa. Ugonjwa una sehemu nyingine.

Msimamo

Kutokana na uchambuzi huu tunafikia mahitimisho yafuatayo.

Kwanza, Uingereza haitabadilika kwa kushawishiwa na hoja. Itabadilika siku vyama vingi vidogo vitakapoufanya mfumo uwe hatari hata kwa wakubwa, na dalili za 2024 zinaelekea huko. Mfumo unaompa theluthi moja ushindi mkubwa leo utaweza kumpa theluthi nyingine ushindi mkubwa kesho, na hiyo nyingine huenda ni ya wabaguzi. Labour wanacheza na panga lenye makali mawili.

Pili, panga hilo hilo liko mikononi mwetu. Chama kinachojivunia majimbo yote leo kikumbuke kwamba kanuni inayopandisha ndiyo inayoporomosha. ASP ilikuwa na watu wengi na ikanyimwa dola. Hakuna sheria ya maumbile inayosema hilo litawapata wengine tu.

Tatu, njia inayofaa mazingira yetu ni ya mchanganyiko: majimbo yabaki, ili mwananchi wa Mwese au Majimoto awe na mbunge wa kumuuliza maji na barabara, na viti vya uwiano viwe vya kusawazisha, yaani vitolewe kwa kuangalia chama kimekwisha kupata majimbo mangapi, badala ya kuongezwa juu ya majimbo kama sasa. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza njia nyingine, ya kila jimbo kutoa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Rasimu hiyo ilishughulikia usawa wa jinsia lakini ilibaki na wingi tu kama kanuni ya ushindi. Mjadala wa Katiba utakaporejewa, suala la uwiano liwekwe mezani waziwazi.

Nne, kabla ya orodha kuna demokrasia ndani ya Chama. Orodha ya wagombea ipangwe kwa kura ya siri ya wanachama wote wa matawi, na matokeo yake yatangazwe na kuheshimiwa. Uwiano bila hilo utawapa vikao vya juu mamlaka ambayo hata mfumo wa sasa hauwapi.

Watakuwapo wenzetu watakaosema kwamba chama tawala hakina sababu ya kukata tawi kililokalia. Hiyo ndiyo hoja ya Labour na Conservative, na kwao inaeleweka, kwa sababu vyama vyao viliundwa kupokezana dola. Chama chetu kilisema kimeundwa kwa kazi nyingine. Wazee wa Tabora walishinda kwa kura tatu, kisha wakaifuta. Wazee wa Unguja walikataa kuambiwa kwamba asilimia 54 ni wachache. Anayejiita mrithi wao hawezi kuitetea hesabu ile ile kwa sababu tu safari hii imemwangukia yeye. Matawi na madarasa ya itikadi yachukue takwimu za majimbo yao, yahesabu kura zilizozaa kiti na zile ambazo hazikuzaa, kisha yaulize swali tuliloanza nalo: kanuni hii inamtumikia nani?